Ukoga wa Mtutu

Kazimir Wojtanik alibadilisha matairi ya watu maisha yake yote ya kazi, katika karakana moja kando ya barabara inayoteremka kuingia Kettle Run, mji mdogo wa Pennsylvania uliobanwa kati ya vilima viwili. Alipostaafu hakuondoka na saa ya ukutani wala cheti cha kuning'iniza sebuleni. Aliondoka na ndoo. Ndoo kwa ndoo za vile vipande vizito vinavyobanwa ukingoni mwa rimu ili gurudumu likae sawa, vipande vya madini ya risasi ambavyo tajiri wake aliviona takataka na yeye aliviona mali. Rozali, mkewe, alipozikuta zimepangwa bandani alishika kiuno akauliza kama wanajenga ngome.

"Hiyo ndiyo pensheni yangu," Kaz akamjibu.

"Basi utaitafuna mwenyewe," Rozali akasema, akarudi ndani.

Kaz hakuwa anatania. Katika klabu ya wawindaji ya Kettle Run, wazee karibu wote hujaza risasi zao wenyewe nyumbani. Maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa huokotwa sakafuni, husafishwa, hutiwa fataki mpya ya kuwashia na baruti mpya, kisha kichwa kipya cha madini hukalishwa juu na mdomo wa ganda hubanwa kukishika. Hayo kila mtu anayaweza, au anadhani anayaweza. Lakini kusubu vichwa vyenyewe, kuyeyusha madini na kuyamimina kwenye kalibu hadi mgongo uanze kuuma, hiyo ni kazi ya mwenye subira, na wazee wa klabu ile wana maoni mengi kuliko subira. Mwenye subira alikuwa Kaz peke yake. Wenzake walimletea mabomba ya zamani, soseji za kulungu na mitungi ya matango ya siki, naye akawapa vichwa ndani ya makopo ya kahawa. Vikaitwa vichwa vya Kaz, na mtu akipiga vizuri kwenye shabaha ya Alhamisi alivisifu, akipiga vibaya alilaumu miwani yake.

Bandani alikuwa mtu mwingine kabisa. Mlango wazi hata theluji ikianguka, feni inavuta mvuke nje, glavu mkononi, na sheria moja ya Rozali isiyovunjwa: nguo za banda hazikanyagi jikoni. Madini aliyajua kwa sura. Kichwa kikitoka kwenye kalibu kimepauka kama kimenyunyiziwa sukari, chungu kimezidi moto. Kikitoka na mikunjo, moto umepungua. Kilichotoka kizuri alikipaka nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta, akakipitisha kwenye pete ya chuma ili kiwe na upana wake hasa, yaani unywele mmoja tu zaidi ya upana wa mtutu.

Unywele huo ndio mambo yote. Kichwa cha madini laini kinatakiwa kiujaze mtutu kikamilifu kama kizibo kwenye chupa. Kikiwa chembamba, moto wa baruti unapenya pembeni yake, unakilamba ubavuni na kuyeyusha madini yake, na kile kilichoyeyuka kinabandika kwenye kuta za mtutu. Hapo mtutu unaota ukoga, kama meno ya mtu asiyepiga mswaki, na bastola yenye ukoga haipigi mahali inapoelekezwa.

Bastola ya Kaz haikuwahi kuota ukoga. Kila Alhamisi jioni, majira yote ya baridi, timu za wazee hushindana kwenye chumba cha chini cha klabu, na baada ya raundi ya mwisho wana desturi yao: silinda zinafunguliwa, kipande cha karatasi nyeupe kinawekwa nyuma ya mtutu kurudisha mwanga, na kila mtu anachungulia bastola ya mwenzake kama daktari wa masikio. Wa kwanza kuonekana na ukoga ndiye anayeosha sufuria ya maharage. Kaz alikuwa hajaosha sufuria hiyo tangu ilipokuwa mpya.

Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Ulianza na mtikisiko mdogo, wakati wa kufunga vifungo vya shati, wakati wa kumimina maziwa. Aliuficha mfukoni muda mrefu. Mwishowe akaenda kwa daktari peke yake, akaambiwa kwamba hautamuua lakini pia hautaacha, na mwaka mpya ulipoingia akamweleza Rozali akiwa ameinamisha kichwa kama aliyevunja dirisha la jirani. Klabuni hakumwambia mtu. Moyoni aliweka mpaka wake: shabaha ikienda, na iende, uzee ni uzee. Lakini kusubu, hapana. Mwanamume aliyetumia maisha yake chini ya magari ya watu alikuwa na kitu kimoja kilichobeba jina lake, na kitu hicho kilikuwa ndani ya makopo ya kahawa. Aliapa kwamba siku mikono yake itakapoharibu vichwa, siku hiyohiyo atauza chungu na kalibu, na alilia kidogo alipoapa.

Krismasi, siku chache kabla ya hapo, Rozali alikuwa amempa zawadi, chuma kipya cha kubania mdomo wa ganda, kizito, kinang'aa, cha kufungwa kwenye mashine yake ya kujazia risasi. Muuzaji alimhakikishia kwamba hata mtu akivuta mkono wa mashine ovyo, risasi itatoka imenyooka. Na kweli zilitoka zimenyooka. Kile chuma chake cha zamani kilitaka mkono uliotulia, na siku hizi risasi moja ilibanwa sana, nyingine kidogo. Hiki kipya hakikujali. Kaz alizipanga risasi zake kwenye kisanduku, zote sawasawa, akambusu mkewe shavuni, busu ambalo kwa umri wao halitolewi hovyo.

Ukoga ulionekana Januari.

Merle Dunkel ndiye aliyeuona. Merle ni nahodha wa timu, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe na moyo usiojua kunong'ona. Alichungulia mtutu wa Kaz, akaondoa jicho, akachungulia tena.

"Jamani! Njooni mwone! Kaz amepaka mtutu wake rangi ya kijivu!"

"Lete hapa," Kaz akasema.

"Sufuria inakungoja, mzee. Sabuni iko chini ya sinki."

Wakacheka wote. Kaz naye akacheka, akaenda akaosha sufuria, na mkono wake ndani ya maji ya povu ulikuwa unatetemeka bila mtu kuuona. Alipotoka, Elwood Shank alikuwa anamsubiri na koti lake. Elwood ni rafiki yake tangu wakiwa vijana, zamani dereva wa basi la shule, mtu ambaye hawezi kukaa kimya hata kanisani. Safari yote ya kurudi nyumbani Elwood hakusema neno. Hilo lilimuuma Kaz kuliko kelele za Merle.

Siku zilizofuata Kaz alifanya kile ambacho kila msubu vichwa hufanya akishikwa na ukoga, na ambacho karibu kila mara ni kosa: aliyafanya madini yawe magumu zaidi. Mtu huwaza, kama madini laini yanabandika, basi magumu hayatabandika. Akachanganya na herufi za madini magumu ya risasi kutoka kiwanda cha uchapaji kilichofungwa. Akavidondosha vichwa vya moto kwenye maji ili vikakamae. Vikawa vigumu hata ukucha haukuacha alama, na Alhamisi iliyofuata mtutu ulikuwa mbaya zaidi. Akaongeza nta. Bastola ikatoa moshi mpaka Merle akauliza kama Roma wamechagua Papa mpya. Ukoga ukabaki palepale. Akapunguza baruti, akapima upya kila kichwa kabla ya kukikalisha, na kila kichwa kilikuwa na upana wake kamili.

Kila Ijumaa asubuhi aliketi na fimbo ya kusafishia iliyozungushiwa waya wa shaba wa kusugulia sufuria, akisugua, vipande vya kijivu vikianguka kwenye gazeti kama magamba ya samaki. Rozali alimwona kupitia dirisha la jikoni.

"Kazimir, chakula." Jina zima lilimaanisha amemwita zaidi ya mara moja.

"Nakuja."

"Ulisema hivyo kabla supu haijapoa."

"Rozali, ni mikono." Alisema bila kuinua kichwa. "Nimejaribu yote. Madini, nta, baruti. Kimebaki kimoja. Nikimimina natikisika, ndani ya kichwa kunabaki uwazi, au sijui nini. Kwa macho sioni. Lakini ni mikono."

Rozali alisimama mlangoni na taulo begani. Alitaka kusema jambo, ikaonekana usoni, kisha akasema tu kwamba supu ataipasha.

Basi Kaz akaanza kuagana na banda. Hakumwambia mtu. Aliacha kuyeyusha, akafunika chungu na mashine kwa magunia, na alipopita karibu navyo aliangalia pembeni.

Siku moja ya Kwaresima, kanisani walipokuwa wanakaanga samaki na kukunja pierogi, vile vijisambusa vya Kipolandi vya kuchemsha, alipita kwa Elwood kumchukua waende pamoja. Elwood alikuwa bado anatafuta kofia. Kaz akangoja kwenye chumba cha kufulia, ambako Elwood ameweka mashine yake ya kujazia risasi kati ya pipa la sabuni na kapu la soksi. Juu ya meza kulikuwa na kisanduku cha vichwa vya dukani, vile vilivyovishwa ngozi ya shaba nyekundu. Kilikuwa kimebaki nusu. Pembeni, kopo la kahawa alilomletea yeye mwenyewe mwezi wa kwanza lilikuwa limejaa mpaka juu.

Elwood akaingia na kofia yake. Akaona Kaz anatazama nini.

"Hii nini, Elwood?"

"Kisanduku."

"Naona ni kisanduku, sijapofuka. Tangu lini unanunua vichwa?"

"Kaa kwanza, Kaz."

"Sikai."

Elwood akavua kofia aliyokuwa ameitafuta muda wote ule. "Ulitaka nifanye nini? Nije kwako niseme, Kaz, mikono yako imekwisha, vichwa vyako vinachafua bastola? Halafu Jumapili nikae mezani kwako nile kabichi ya Rozali? Mdomo wangu ni mpana lakini si mpana kiasi hicho."

"Kwa hiyo umejua habari za mkono."

"Kila mtu anajua habari za mkono, mzee. Unamwaga kahawa kama unamwagilia maua."

Kaz alihisi uso unamwaka. Kwa kitambo alitaka kutoka, aende nyumbani kwa miguu, asirudi klabuni tena. Lakini miaka ya karakana ilikuwa imemfundisha kuuliza swali moja zaidi kabla ya kumkasirikia mwenye gari.

"Na bastola yako je? Vichwa hivi viliichafua?"

Elwood akaanza kusogeza kapu la soksi.

"Nakuuliza wewe. Iliota ukoga au haikuota?"

"Sikungoja iote! Nimeona yako ilivyokuwa."

"Yaani umenitupa bila hata kuchungulia mtutu wako mwenyewe?"

"Ukiisema hivyo inasikika vibaya," Elwood akakiri.

"Ni vibaya, mshenzi wewe. Washa taa. Jaza risasi."

Samaki wa kanisani walikaangwa na kuliwa bila wao. Elwood alijaza, kwa mashine yake, kwa chuma chake cha kubania kilichozeeka na kushika kutu shingoni, akitumia vichwa vya kopo lile. Kesho yake wakaenda klabuni asubuhi, hakuna mtu, baridi inatafuna masikio. Elwood alipiga mpaka risasi zikabaki nusu, wakafungua silinda, wakaweka karatasi nyeupe. Mtutu ulikuwa msafi. Wakachukua bastola ya Kaz, ambayo Kaz alikuwa ameisugua mpaka ndani mwake mtu angeweza kunyolea ndevu, wakapiga risasi zilezile za Elwood. Safi vilevile.

Elwood alipiga mluzi. "Vichwa vyako vizima, Kaz. Na bastola yako nzima. Nisamehe, rafiki yangu. Mimi ni punda."

Kaz alimpiga bega, lakini furaha ilikuwa haijamfika. Vichwa vilikuwa vizuri. Bastola ilikuwa nzuri. Kilichobaki kati ya vichwa na bastola ni meza yake mwenyewe, na mbele ya meza hiyo alikuwa amesimama nani ila yeye, na mikono yake? Alirudi nyumbani kama anayekwenda kusomewa majibu ya hospitali.

Aliondoa gunia juu ya mashine. Akaamua kujaza risasi moja polepole na kusimama kila hatua. Akapima kichwa: upana kamili. Akakikalisha juu ya ganda, bila kubana, mkono ukitikisika upendavyo, kisha akakitoa tena kwa ile nyundo yenye kikombe ambayo ukiigonga mezani kichwa kinachomoka. Akapima. Upana kamili. Akachukua kingine, akakikalisha, na safari hii akakipitisha kwenye chuma kipya cha kubania. Mkono wa mashine ulishuka laini, kama kawaida, na mwishoni ukawa mzito kidogo, uzito mdogo ambao alikuwa ameuzoea hata hausikii tena. Akagonga nyundo. Kichwa hakikuchomoka kwa shida, kilidondoka. Akapima.

Kilikuwa kimekondeana.

Akapima tena. Akachukua kingine, na kingine. Akafungua chuma kile, akakielekeza kwenye dirisha, na ndani, karibu na mdomo, akaiona pete ngumu inayong'aa. Pete hiyo haikuishia kwenye kubana mdomo. Ilikuwa inapiga pasi risasi nzima, kuanzia chini hadi juu, ili itoke imenyooka. Kichwa cha dukani chenye ngozi ya shaba kinaivumilia. Kichwa laini kinafinywa humohumo ndani ya ganda, halafu ganda la shaba linajirudishia upana wake na kichwa hakijirudishii. Ule unywele aliokuwa anautafuta kwa chungu, kwa kalibu na kwa pete, alikuwa anaupata mzima, kisha anaupoteza mwenyewe kwenye hatua ya mwisho, akizisifu risasi zake kwa unyoofu. Haikuwa mikono. Mkono uliotulia kuliko yote Pennsylvania ungevuta chuma kile na kupata ukoga uleule.

Alicheka peke yake bandani, akaegemeza paji la uso kwenye meza, na machozi yakamtoka. Kisha akakumbuka chuma kile ni cha nani.

"Unacheka nini?" Rozali alikuwa mlangoni, koti limetupwa juu ya aproni.

Kaz aliweka kofia yake juu ya chuma. "Nimepata. Ilikuwa... nta. Nta ilikuwa mbaya."

"Nta."

"Ndiyo. Nta ya mwaka jana."

"Kazimir, umenidanganya mara chache maishani na kila mara masikio yako yanakuwa mekundu. Ondoa kofia."

Hakuiondoa. Rozali akavuka banda, akaiondoa yeye. Akakitazama chuma, akatazama vichwa vilivyokondeana kwenye meza, akatazama kipimio. Hakuwa fundi, lakini alikuwa ameishi na fundi.

"Ni hiki?"

"Ni kizuri kwa vichwa vya dukani. Kwa vyangu kinafinya. Hukujua, Roz. Hata mimi sikujua, na mimi ndiye ninayejifanya najua."

Rozali akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Majira yote haya nakuona unalaani mikono yako. Na ni kitu nilichokuwekea mimi chini ya mti wa Krismasi."

"Ulitaka kunifurahisha."

"Sikutaka kukufurahisha. Unajua nilikinunua kwa nini?" Sauti yake ilianza kukwama. "Uliniambia lini kuhusu mkono?"

"Mwaka mpya."

"Mimi nilikiagiza wakati wa mavuno ya maboga. Nilikuona kwenye dirisha lile unaokota maganda yaliyokuponyoka, unaokota, yanaanguka, unaokota. Nikangoja uniambie. Nikangoja, hukusema. Basi nikaenda dukani nikamwambia yule kijana, nipe kitu kwa mtu ambaye mkono wake haumtii. Hivyo ndivyo nilivyomwambia."

Kaz alikaa kwenye ndoo nyingine kando yake. Miezi yote aliyokuwa anatembea na mkono mfukoni ndani ya nyumba yake mwenyewe, akidhani amefaulu, Rozali alikuwa anajua, na alikuwa anamtunzia siri yake. Alimpenda wakati ule kuliko alivyompenda siku ya harusi, na alimwambia hivyo, kwa maneno hayohayo, ingawa yalimtoka kwa kigugumizi.

"Usinifiche tena," Rozali akasema, akijifuta pua na aproni. "Na hicho chuma mpelekee Elwood. Si ameanza kununua vichwa vya dukani?"

"Umejuaje?"

"Mkewe ana simu, na mimi nina simu."

Alhamisi ya mwisho ya mashindano Kaz alifika na risasi alizozibana kwa chuma chake cha zamani. Nyingine zilikuwa zimebanwa zaidi kidogo, nyingine kidogo mno, hazikupendeza kisandukuni, na alizipiga zote. Silinda ilipofunguliwa wazee walipanga foleni kuchungulia. Merle alinguruma kwamba mtutu huu unastahili kuwekwa kanisani. Mtu akaleta bia ya mizizi, ile soda isiyolevya, mtu akaleta mayai ya siki. Elwood alisimama juu ya benchi akatangaza kwamba ana nusu kisanduku cha vichwa vya dukani, nani anavitaka bure, maana yeye amerudi kwa Kaz na anatubu mbele ya umma.

Kaz alicheka na wenzake. Kisha akaenda peke yake kuchukua karatasi yake ya shabaha, akakaa nayo kwenye kona.

Elwood alimfuata na chupa mbili. "Mbona umejitenga? Kila mtu anakutafuta. Mtutu kama kioo."

Kaz akamgeuzia karatasi. Matundu yalikuwa yametawanyika kila upande, moja hata nje ya duara la mwisho.

Elwood akamwekea chupa moja pembeni. "Jioni mbaya tu."

"Juma lililopita nilisema ni ukoga. Na juma la kabla ya hilo. Miezi yote hii, kila nikikosa, nilisema ni ukoga, ukitoka huu nitapiga kama zamani." Alikunja karatasi mara mbili. Mkono ulitetemeka, karatasi ikalia, na hakuupeleka mfukoni. "Leo mtutu ni safi, Elwood. Sina cha kusingizia."

Elwood akainua chupa yake haraka. Macho yake yalilowana, akanywa ili asionekane.

"Mwambie Merle nafasi yangu kwenye timu ampe mwingine," Kaz akasema. "Ningemwambia mwenyewe, lakini atapiga kelele, na leo sitaki kelele."

"Na vichwa?"

"Vichwa vipo. Jumamosi nawasha chungu."

Elwood alizungusha chupa mkononi, akiangalia ule mkono wa kulia uliokuwa juu ya goti la rafiki yake, wazi, unatikisika. Aliuliza polepole, kama anayeogopa kuamsha mtu. "Na mikono ikizidi, Kaz?"

"Ndiyo maana nakwambia Jumamosi," Kaz akasema. "Njoo na glavu. Kalibu utashika wewe."